Mwongozo Kamili: Kumaliza Wimbo Mmoja Huku Una Vipindi 24 kwa Wiki

Walimu wenzangu wanaotengeneza biti hapa Tanga wana ugonjwa mmoja. Ukifungua kompyuta zao unakuta folda imejaa vipande vya sekunde 20, vitamu kwelikweli, lakini wimbo uliofika mwisho hakuna hata mmoja. Ukiuliza, jibu ni "muda, ndugu yangu".

Nami nilijibu hivyo miaka. Siku moja mke wangu akanitoa tongotongo: "Baba Rehema, hiyo nyimbo mwezi wa pili sasa inasema tu-tu-ta, tu-tu-ta. Haina pa kwenda?" Nilipochunguza niliona kuwa kila usiku nilitumia nusu saa kutafuta nilipoishia, nikachezea sauti ya kiki (ngoma kubwa ya chini), nikasinzia. Muda nilikuwa nao. Ila kila usiku nilikuwa naanza upya.

Mwongozo huu ni wa mtu anayefundisha, ana nyumba, ana majirani, na anataka wimbo mmoja uishe. Sifundishi namna ya kutunga. Hilo unalo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Laptop yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, ile isiyozunguka. Iliyotumika inatosha. Kama bajeti inakulazimisha kuchagua, weka SSD kwanza. Hadi diski ya zamani inayozunguka ndiyo inayofanya programu ichukue dakika tano kuamka.

Programu moja. LMMS ni ya bure kabisa. Reaper unaijaribu siku 60, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. FL Studio ndiyo iliyozoeleka kwa maprodyuza wa singeli na bongo fleva, ila angalia: toleo lake la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi, lakini ukiifungua kesho hairudi kamili mpaka uinunue. Wengi wamelilia hapo. Programu za wizi zinazogawiwa kwenye flashi ziache. Zinakuja na virusi, na laptop hiyohiyo ndiyo yenye matokeo ya Kidato cha Nne.

Hedifoni za waya zinazofunika sikio zima. Za bluetooth zinachelewesha sauti: ukigonga ngoma unaisikia baadaye, mkono unapotea.

Maikrofoni na saundi kadi ya nje, kama unarekodi sauti ya mtu. Kama unatengeneza ala tupu, hifadhi pesa.

Hadi diski ya nje, pamoja na akaunti ya kuhifadhi faili mtandaoni.

Kaunta buku na kalamu. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote vilivyotajwa, na ndicho watu wanachokiruka.

Blanketi nzito mbili. Utaona kazi yake.

Kopo kubwa lenye mfuniko unaobana, na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Hewa ya bahari hapa ina chumvi na unyevu; pini za waya zinapata kutu mapema, unaanza kusikia mikwaruzo ukidhani ni programu. Ukimaliza kazi, maikrofoni na waya vinaingia kwenye kopo.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya wiki yako bila kujidanganya

Chukua ratiba ya shule. Vipindi 24 vya dakika 40 ni saa 16 darasani. Ongeza kusahihisha, maandalio ya somo, vikao, na safari. Mimi natoka Makorora kwenda upande wa Pongwe kwa baiskeli, kwa hiyo jioni mwili nao una maoni yake.

Sasa tafuta nafasi tatu kwa wiki, kila moja ya dakika 40. Nimechagua kipindi kwa makusudi. Mwili wa mwalimu unakijua kipindi. Bila kutazama saa unahisi zimebaki dakika kumi, unaanza kufunga somo.

Zangu ni Jumatatu na Jumatano baada ya isha, na Jumamosi saa 1 asubuhi kabla ya soko. Vipindi vitatu kwa wiki, kwa wiki nne, ni vipindi 12, sawa na saa 8. Zigawe hivi: kubuni 4, kupanga 3, kurekodi 1, kuchanganya 3, kufunga 1.

Kisha toa wiki ya zamu. Mwalimu wa zamu anafika wa kwanza, anaondoka wa mwisho, na usiku anaandika ripoti. Wiki hiyo usijidai. Toa pia wiki ya mitihani ya ndani. Ukishatoa utagundua kuwa wimbo mmoja unachukua wiki sita hadi nane. Hiyo ndiyo kasi yako halisi, ikubali sasa.

Onyo: usichukue nafasi ya mtu bila kumwambia. Kaa na mwenzio, mwonyeshe ratiba, mkubaliane. Mimi nilipoteza Ijumaa jioni kwenye mazungumzo hayo, nikapata Jumamosi asubuhi ambayo hakuna anayeniita.

Utajua umefaulu ratiba ikiwa imebandikwa ukutani na mtoto anajua kuisoma: "Leo baba ana kipindi."

## Hatua ya 2: Tengeneza kiolezo

Hakuna mwalimu anayechora jedwali la andalio la somo upya kila siku. Anachukua lililopo, anajaza. Fanya hivyo kwenye programu yako.

Fungua kazi mpya, weka traki (njia za sauti, kila ala na yake) utakazozihitaji karibu kila mara: kiki, snea (ngoma yenye mlio mkali), vigongo vidogo, besi, kinanda, sauti ya juu, waimbaji. Zipe majina na rangi. Pakia ngoma kumi unazozipenda, kumi tu. Weka kasi uliyoizoea. Singeli inaanzia karibu mapigo 200 kwa dakika na kupanda, bongo fleva ya taratibu iko kwenye 90 hadi 100. Washa kujihifadhi kwa kila dakika tano, kwa sababu umeme hautapiga hodi. Hifadhi kama kiolezo.

Ukitumia kinanda cha kuchomeka, weka bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta inaikusanya kabla ya kuitoa) ya sampuli 128 unapopiga. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, hiyo ni ucheleweshaji wa takriban milisekunde 3, ambao kidole hakiuhisi. Wakati wa kuchanganya ipandishe hadi 1,024 ili kompyuta ipumue. Sauti ikikatikakatika, hapo ndipo pa kutazama kwanza, kabla ya kulaumu laptop.

Utajua umefaulu ikiwa tangu kufunua laptop hadi kusikia sauti ya kwanza hazipiti dakika mbili. Pima kwa saa.

## Hatua ya 3: Buni, kipindi kimoja wazo moja

Mawazo hayaji saa ya kipindi. Yanakuja ukisimamia mtihani, ukipita Ngamiani wakati fundi anagonga bati, ukisikia muuza kahawa akigonganisha vikombe. Rekodi kwenye simu, sekunde kumi, kwa kuigiza kwa mdomo. Ukiwa kwenye baiskeli, simama kwanza. Usiku unakuta malighafi imekungoja.

Kwenye vipindi hivi vinne kazi ni hii: cha kwanza ngoma, cha pili besi, cha tatu kinanda au melodi, cha nne kitu cha kushangaza kidogo. Basi. Ukijikuta unatafuta plagini mpya (programu ndogo ya kuongeza ala au madoido) au unarekebisha sauti ya snea kwa dakika kumi, umeshatoka kwenye somo.

Dakika tano za mwisho ndizo zinazookoa wimbo, na ndizo nilizokuwa nazitupa. Fanya mambo mawili:

1. Hifadhi faili kwa jina lenye tarehe na namba. Usiandike "mwisho", wala "mwisho kabisa", wala "mwisho kabisa 2". Ninazo zote tatu na sijui ipi ni ipi.

2. Andika kwenye kaunta buku sentensi moja inayoanza na neno "Kesho". Iwe ya kitendo. Hii ni ya kwangu, ya Jumatano moja (kipimo ni mapigo manne): "Kesho: ondoa besi kwenye vipimo vinne vya kwanza, sikiliza kama ngoma inajitosheleza." Linganisha na niliyoandika zamani: "Kesho: malizia." Hiyo ya pili haimwambii mtu kitu, ni kama kuandika kwenye andalio "fundisha".

Utajua umefaulu ikiwa kipindi kijacho unasoma sentensi, unaketi, na mkono unaenda wenyewe.

## Hatua ya 4: Panga wimbo kwa hesabu

Hapa ndipo vipande vya sekunde 20 vinapokwama. Kipande ni kitamu, unakirudia mara arobaini, na kila kinaporudi unazidi kuogopa kukigusa. Dawa yake ni kukipa ramani kabla hujakisikiliza tena.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, nivumilie. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde, kipimo cha mapigo manne ni sekunde 2. Wimbo wa dakika 3 una vipimo 90. Kwa singeli ya 200, kipimo ni sekunde 1.2, kwa hiyo dakika 3 ni vipimo 150. Ndiyo maana ramani ya bongo fleva ukiihamishia kwenye singeli wimbo unaisha kabla watu hawajainuka vitini.

Ramani ya kuanzia kwa kasi ya 120:

- Utangulizi: vipimo 8
- Ubeti wa kwanza: 16
- Kiitikio: 8
- Ubeti wa pili: 16
- Kiitikio: 8
- Sehemu ya kubadilisha hewa: 8
- Kiitikio mara mbili: 16
- Kufunga: 8

Jumla ni 88, sawa na dakika 2 na sekunde 56. Ichore kwenye kaunta buku, kisha tandaza kipande chako kuanzia mwanzo hadi mwisho, vyote 88, kila ala ikiwemo. Halafu anza kufuta. Kupanga kwa kufuta ni kwepesi kuliko kwa kuongeza, hasa ukiwa umechoka. Sikio linajua kinachozidi kabla halijajua kinachopungua.

Utajua umefaulu ukiweza kuupiga wimbo mwanzo hadi mwisho bila kugusa kitu. Utakuwa mbaya. Lakini una mwisho.

## Hatua ya 5: Rekodi sauti nyumbani kwa watu

Nyumba ya kupanga ina ukuta mmoja kati yako na jirani, na mwiko ni kumfanya jirani awe shabiki kwa lazima. Biti tengeneza kwa hedifoni. Kuimba ndiko kunakohitaji mpango.

Chagua saa. Mchana wa Jumamosi nazi zinakunwa, watoto wamejaa uani, hapana. Baada ya alfajiri kabla mji haujaamka ni saa nzuri, ila jirani amelala. Mimi nimekubaliana na majirani saa 10 jioni ya Jumapili, watu wengi wakiwa wametoka kupunga upepo Raskazone. Kipindi hiki kinaruhusiwa kuzidi dakika 40.

Zima feni, hata kama joto la kaskazi linakutoa jasho. Mngurumo wake utaukuta kwenye kila neno. Zima friji kama iko chumba hicho, lakini weka funguo zako juu yake ili usisahau kuiwasha. Nilisahau mara moja. Samaki wa wiki nzima, na sitaki kuulizwa zaidi.

Tundika blanketi moja nyuma yako na moja upande wa ukuta mtupu. Wengi wanatundika nyuma ya maikrofoni tu, wakati sauti inayorudi inapiga ukuta ulio mgongoni pako. Simama shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni. Weka kiwango ili neno la juu kabisa lifike kati ya desibeli -12 na -6. Likigusa sifuri limekatika, na plagini hailirudishi likawa kama lilivyokuwa.

Onyo la masika: Machi hadi Mei usipange kurekodi chini ya bati. Mvua ya Tanga haiombi ruhusa. Miezi hiyo tengeneza ala, sauti zisubiri.

Na neno moja kuhusu wanafunzi, kwa sababu watakuja: "Ticha, tupigie biti." Usiwaite nyumbani kurekodi. Kama kuna kipaji, kifanyieni kazi shuleni, mchana, mkuu wa shule akijua. Na wimbo wako mwenyewe, kabla hujauachia, usome maneno yake ukijiona umesimama mbele ya paredi.

## Hatua ya 6: Changanya kwa masikio mapya

Usichanganye siku uliyofundisha vipindi sita. Sikio lililoshinda na kelele za darasa la watu 70 halisikii sauti za juu vizuri; utaongeza ukali, na kesho yake wimbo utakuchoma. Hii ni kazi ya Jumamosi asubuhi.

Sauti iwe ya chini. Kanuni ya usalama wa kazini inayotumika sana inasema masikio yanavumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: mtu akikuita kutoka umbali wa mkono na humsikii, punguza.

Utaratibu wangu:

1. Shusha traki zote, kisha pandisha kiki na besi peke yake mpaka zielewane. Kama zinagombana, mmoja apishe: punguza besi kidogo pale kiki inapopiga.
2. Leta sauti ya mwimbaji. Kila kitu kingine kinajipanga kumzunguka.
3. Kata sauti za chini kabisa kwenye kila traki isiyozihitaji. Kinanda na waimbaji hawana kazi chini ya hezi 80.
4. Jumla isizidi desibeli -6, ubakize nafasi ya masta, ile hatua ya mwisho ya kung'arisha wimbo mzima.

Kisha toka nje ya hedifoni. Jaribu kwenye spika ya simu, kwenye redio ya sebuleni, na ukiweza kwenye bajaji ya rafiki. Spika ya simu haiwezi kutoa besi ya chini. Kama besi inapotea kabisa, iongezee uchafu kidogo (distortion) ili sauti zake za juu zisikike na sikio lijaze lililobaki. Andika makosa kwenye kaunta buku, rudi, rekebisha yaliyoandikwa tu.

Utajua umefaulu ikiwa maneno yanasikika kwenye simu iliyolala juu ya meza, huku mtu anaosha vyombo.

## Hatua ya 7: Funga

Weka tarehe ya kufunga tangu wiki ya kwanza, kama mtihani. Tarehe ikifika wimbo unatoka ulivyo.

Toa faili ya WAV ya 24-bit, sampuli 44,100, na MP3 ya kbps 320 ya kutuma WhatsApp kama waraka, maana ukiituma kama ujumbe wa sauti inaharibika. Kilele kisizidi desibeli -1. Usijiumize kushindana kwa ukubwa wa sauti: Spotify husawazisha nyimbo kwenye LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), hivyo ukiikandamiza kupita kiasi itashushwa tu, nawe umebaki na ngoma zilizokufa.

Toa pia kila traki peke yake. Miaka miwili mbele plagini itakuwa imekufa, traki hizo zitakuwa hai.

Nakala ziwe tatu: laptop, hadi diski ya nje, na mtandaoni. Flashi iliyopita kwenye kompyuta ya kuchapia mitihani usiihesabu. Ya kwangu ilirudi na mafaili yote yamegeuka njia za mkato, beti mbili za wimbo zimeyeyuka, na mwimbaji alikuwa ameshahamia Dodoma.

Kama unakusudia kuuza, isajili kazi COSOTA, ofisi inayoshughulikia hakimiliki. Faili zako zenye tarehe za Hatua ya 3 zitakufaa siku mtu akidai biti ni yake.

## Hatua ya 8: Wiki inapoharibika

Itaharibika. Kutakuwa na msiba na utakaa matangani siku tatu. Kutakuwa na arusi, na mpwa wako atataka uende kubeba viti. Mtoto atapata homa Jumatatu saa ileile ya kipindi chako. Huku kwetu mtu asiyeonekana msibani hana wa kumzika, kwa hiyo ondoa kabisa wazo la kuchagua muziki.

Kosa linalofanyika ni kulipa deni. Umekosa vipindi vitatu, unajaribu kuvifidia Ijumaa mpaka saa 8 usiku, Jumamosi umekasirika, wiki ijayo hutaki hata kuiona laptop. Kipindi kilichopita kimepita. Darasani ukikosa Jumatatu huwaiti wanafunzi usiku wa manane, unasogeza mada.

Wiki ikikuzidi kabisa, fanya dakika tano tu: soma sentensi ya "Kesho", sikiliza wimbo mara moja bila kugusa, funga. Uzi haukatiki.

Ukiwa umepotea mwezi mzima, kipindi cha kwanza cha kurudi usitengeneze kitu. Keti sebuleni, ucheze wimbo kwenye redio, umtazame aliye karibu nawe akiwa na shughuli zake. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Kwenye kiitikio cha pili mkono ulisimama juu ya ungo, akainua kichwa, kisha akaendelea. Nikaandika: "Kesho: usiguse kiitikio cha pili. Kata vipimo vinne kabla yake."